Udongo tifutifu usiotuamisha maji: namna ya kuupima na kuutengeneza Mombasa

Pakiti nyingi za mbegu, za karoti hasa, zina maneno manne nyuma: udongo tifutifu usiotuamisha maji. Mwenye bustani Nyali hutazama mchanga wake unaomeza ndoo nzima kabla hajaitua chini, akasema huu hautuamishi maji hata tone, akapanda. Mwenye kiwanja Mikindani hutazama udongo wake mzito unaong'ang'ania jembe, akasema huu una rutuba, naye akapanda. Za yule wa kwanza hukauka zingali nyuzi. Za huyu wa pili huoza, au hung'oka zimejikunja kama tangawizi. Kila mmoja alisoma nusu ya agizo.

Agizo lenyewe linadai mambo mawili yanayovutana: maji ya ziada yapite upesi ili mizizi ipumue, na mengine yabaki ili mmea unywe mpaka siku utakapomwagilia tena. Mchanga hutimiza la kwanza tu, mfinyanzi la pili tu. Tifutifu ni mchanganyiko wa chembe tatu, na kwa uzito mgawanyo wake ni huu: mchanga usiofika asilimia 52, tope laini asilimia 28 hadi 50, na mfinyanzi asilimia 7 hadi 27. Tope laini ni ile chembe ya kati ambayo ikikauka huteleza vidoleni kama unga wa ngano, na ikilowa hainati.

Lakini hiyo ni mifupa. Nyama yake ni mboji, inayoshikanisha chembe zikawa vidonge vidogo kama makombo ya mkate. Maji hupita baina ya vidonge na hubaki ndani ya vidonge. Kwa mtu wa Mombasa hili ndilo la kushika, kwa sababu mchanga wa kiwanja chako huwezi kuubadili kwa urahisi, ila mboji unaweza kuiongeza kila msimu.

Tazama hesabu ya maji. Mchanga hushika maji yanayoufaa mmea kama milimita 60 hadi 80 kwa kila mita ya kina, na tifutifu mzuri milimita 150 hadi 170. Mizizi ya mboga hukaa zaidi katika sentimita 30 za juu, kwa hiyo akiba ya mchanga ni kama milimita 20, na ya tifutifu kama 50. Wakati wa kaskazi, jua na upepo huweza kuondoa milimita 5 hadi 6 kwa siku. Nusu ya akiba ikiisha mmea huanza kutaabika: kwenye mchanga ni siku ya pili, kwenye tifutifu ni ya nne au ya tano. Milimita 10 ni lita 10 kwa mita ya mraba, yaani nusu debe. Anayemwaga madebe mawili mara moja kwa wiki kwenye mchanga amemwagilia kisima cha jirani.

Kwa nini maagizo ya nchi baridi hukwama hapa

Chukua mabonde makavu ya Ladakh, kaskazini mwa India. Udongo wake mwingi ni tifutifu wa kichanga wenye changarawe, unapitisha maji vizuri, na pH yake (kipimo cha tindikali, ambapo juu ya 7 hakuna tindikali) mara nyingi iko juu ya 7 kwa kuwa mvua haba haitoshi kuosha chokaa na chumvi. Ukiushika mkononi utadhani uko Bamburi. Kinachotofautisha ni baridi. Samadi inayofukiwa kule huoza polepole, maana vijidudu vya udongoni hulala sehemu kubwa ya mwaka. Tena maji yakiganda ndani ya mabonge huyapasua, kwa hiyo kazi ya kupondaponda inafanywa na hali ya hewa yenyewe.

Mombasa vijidudu havilali. Kasi yao huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto unyevu ukiwapo, na hapa joto na unyevu viko pamoja karibu mwaka mzima. Ndiyo maana agizo la kutia samadi kila baada ya miaka miwili au mitatu, lililo sahihi kwenye bonde la baridi, huku linakuacha na mchanga mtupu. Samadi ya masika ukiitafuta vuli utakuta alama yake tu. Hapa udongo hulishwa kila msimu, na yeyote anayekuuzia udongo wa kutia mara moja ukasahau anakuuzia lori la mchanga mwekundu.

Umesimama juu ya nini

Kisiwani, na ukanda wa bahari kutoka Nyali hadi Shanzu na upande wa Likoni, chini kuna mwamba wa matumbawe. Juu yake pana mchanga, mahali pengine mita kadhaa, mahali pengine kiganja kimoja tu. Ukivuka kwenda Changamwe, Mikindani na Miritini unakutana na mwamba wa matope ya kale yaliyoganda, na ukioza huzaa mfinyanzi mzito unaopasuka kiangazi na kuteleza masika. Nyuma zaidi kuna vilima vya mchanga mwekundu, ule ambao wanajiolojia huuita mchanga wa Magarini. Udongo mwekundu unaoletwa kwa malori kutoka bara mara nyingi ni wa namna hiyo. Rangi yake inavutia lakini sehemu kubwa yake ni mchanga.

Mitaa ya zamani ina jambo lake: ardhi imejaa kifusi cha nyumba za mawe na chokaa ya kuta. Hapo usihangaike kurekebisha. Jenga tuta juu yake.

Vipimo vya kufanya kabla ya kununua chochote

Kipimo cha chupa ndicho cha kwanza. Tafuta chupa ya kioo ya lita moja yenye ubavu ulionyooka. Kwangua sentimita 5 za juu uziweke kando, uchukue udongo wa kina cha sentimita 5 hadi 20 kutoka mahali kama kumi, uchanganye, ukaushe, uponde, kisha uchekeche ili kokoto na vipande vya matumbawe vibaki nje. Jaza theluthi ya chupa, tia maji mpaka karibu na shingo, ongeza nusu kijiko cha chai cha sabuni ya unga, funga, utikise dakika tano bila kupumzika. Iweke mahali pasipoguswa. Baada ya dakika moja chora mstari penye mchanga uliotua. Baada ya saa mbili chora wa pili. Kilichoongezeka ni tope laini. Kesho yake wakati huohuo chora wa tatu, huo ni mfinyanzi. Kwa udongo wa Changamwe ngoja siku mbili. Vinavyoelea juu ni mboji na mizizi, usivihesabu.

Tuseme kimo chote ni sentimita 8, na mchanga peke yake ni 6.4, tope 0.8, mfinyanzi 0.8. Huo ni asilimia 80, 10 na 10: mchanga wenye tope kidogo, hali ya kawaida kwenye ukanda wa bahari. Mfinyanzi huvimba majini, kwa hiyo chupa huuonyesha mwingi kuliko ulivyo.

Wengi huharibu kipimo hiki kwa kutumia maji ya kisima ya chumvi. Chumvi hugandisha mfinyanzi, ukazama haraka pamoja na tope, nawe ukasoma tope jingi lisilokuwapo. Tumia maji ya mvua. Na kama udongo wako ni wa mfinyanzi, fanya chupa ya pili ya maji ya mvua bila sabuni. Maji yakibaki na utusitusi baada ya siku nzima, sodiamu imeshika udongo na chembe zinaachana zenyewe. Dawa yake ipo mbele.

Kipimo cha shimo kinaeleza mwendo wa maji. Chimba sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, kwaruza kuta ili koleo lisiache uso laini kama sahani, jaza maji, uache yaishe usiku kucha. Asubuhi jaza tena, simamisha kijiti chenye alama, upime maji yameshuka kiasi gani kwa saa. Sentimita 2.5 hadi 7.5 ni nzuri. Chini ya hapo mizizi itakosa hewa masika, zaidi ya 10 udongo haushiki kitu. Shimo la kwanza lisilolowekwa usilisome: udongo mkavu hunywa kama mtu aliyefungua saumu.

Kwa chokaa, mimina kijiko cha siki juu ya udongo mkavu. Ukichemka na kutoa povu, kuna chokaa ya matumbawe ndani, na pH itakuwa juu ya 7, mara nyingi baina ya 7.5 na 8.4, ilhali mboga nyingi hupenda 6 hadi 7. Udongo huo usiutie chokaa wala majivu ya jikoni hata kama kitabu cha bara kimesema hivyo. Kitabu hicho kimeandikiwa udongo wenye tindikali.

Cha mwisho ni chumvi. Utando mweupe juu ya udongo wakati wa kiangazi na ncha za majani zilizoungua ni dalili tosha. Ukipata kifaa cha kupima chumvi, ambacho husoma kwa desisimensi kwa mita, maji ya kumwagilia yasiyozidi 0.7 hayana neno, baina ya 0.7 na 3 yataka uangalifu, na juu ya 3 waachie minazi. Maharagwe huumia mapema kuliko mboga karibu zote. Tungule huvumilia zaidi.

Ukitaka uhakika zaidi, peleka sampuli maabara: nusu kilo iliyokaushwa kivulini, kutoka sehemu 10 hadi 15 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, bila kuchanganya eneo la mchanga na la mfinyanzi. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, ina kituo Mtwapa, hapo ni pa kuanzia kuuliza.

Kurekebisha mchanga

Hesabu hii ni ya tuta la mita 1.2 kwa 5, yaani mita 6 za mraba. Upana usizidi 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga.

1. Ng'oa magugu, na ndago zifuate hadi kwenye vijitunguu vyake. Jembe likikata ndago moja unapata tatu.

2. Andaa madebe 12 ya mboji au samadi iliyooza, mawili kwa kila mita ya mraba. Samadi ya wiki iliyopita inayotoa harufu kali ya mkojo haifai. Itaunguza mizizi, na karoti zitagawanyika miguu miwili.

3. Andaa madebe 6 ya udongo wenye mfinyanzi. Wa kichuguu kilichohamwa na mchwa hufaa sana. Uponde ukiwa mkavu mpaka uwe unga, kwa sababu bonge la mfinyanzi likiingia mchangani hubaki bonge mwaka mzima. Hapa ndipo kazi inapochosha, na ndipo watu huruka.

4. Tandaza vyote juu, kisha changanya kwa kina cha sentimita 20. Usifukie chini zaidi: maji yatavishusha virutubisho kupita mizizi.

5. Mwagilia debe moja kwa mita ya mraba, kwa awamu tatu zenye nusu saa baina yake. Mchanga mkavu wenye samadi huweza kuyakataa maji, yakateleza juu kama kwenye jani la mgomba, ukadhani umelowesha. Chimbua kidole ujionee.

6. Ngoja siku 10 hadi 14. Mbegu za magugu zitachipua, upalie juujuu, ndipo upande.

Makumbi ya nazi ni mali ambayo pwani tunaitupa. Vumbi lake hushika maji mengi, ila lina chumvi, hasa kama makumbi yalilowekwa baharini kutoa usumba. Loweka kwa maji yasiyo na chumvi saa 24, mwaga, rudia mara tatu. Baada ya hapo unaweza kutia nusu debe kwa mita ya mraba, juu ya mboji wala si badala yake, kwa kuwa chakula ndani yake ni kidogo. Mchanga wa bahari usiutie popote: ni chokaa na chumvi.

Mchanga wa joto pia hupendwa na minyoo ya mizizi, ile inayoacha vifundo kama shanga kwenye mizizi ya tungule na mabamia. Ikiwapo, lowesha tuta mwanzoni mwa Januari au Februari, lifunike kwa nailoni angavu, si nyeusi, ubane kingo kwa udongo, uliache wiki nne hadi sita. Kufunika Mei, chini ya mawingu, ni kupoteza nailoni.

Penye mwamba

Piga mtaimbo kila nusu mita ujue kina. Ukigonga jiwe kabla ya sentimita 30, inua tuta. Lakini kwanza toboa mwamba wa chini kila nusu mita, kwani matumbawe yana mabakuli ya asili yanayohifadhi maji masika, na mpapai ukisimama majini siku mbili tatu hauamki tena.

Tuta la mita 1.2 kwa 5 lenye kimo cha sentimita 30 ni mita za ujazo 1.8. Mita moja ya ujazo ni madebe 50, kwa hiyo 90, na kwa kuwa udongo mpya hushuka karibu sehemu moja ya tano andaa 108: udongo mwekundu madebe 54, mboji 32, vumbi la makumbi lililooshwa au mchanga mnene wa mto 22. Kabla lori halijamwaga, chukua konzi moja uloweshe, ubinye utepe baina ya kidole gumba na cha shahada. Ukikatika bila kufika sentimita moja, huo ni mchanga uliopakwa rangi. Punguza vumbi na mchanga wa mto, ongeza mfinyanzi. Ukifika sentimita 2 na ushee, umepata. Ukizidi 5 bila kukatika ni mfinyanzi, na mchanga wa mto uongezwe. Angalia pia vijitunguu vya ndago, ambavyo husafiri ndani ya udongo mwekundu bila nauli.

Anayedhani mwamba hauwezi kuzaa aende Bamburi. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki matumbawe matupu. Mivinje ilistahimili, maana mizizi yake ina vifundo vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, kwa kuwa yamejaa tanini. Wakaletwa jongoo, wakayala, na vinyesi vyao vikawa mboji ya kwanza ya msitu unaoonekana leo. Kwa bustani yako somo ni dogo na la vitendo: majani ya mvinje yatandaze juu kama matandazo, usiyafukie mabichi, na jongoo usiwaue.

Mfinyanzi wa Changamwe na Mikindani

Usinunue mchanga. Ili udongo huu ubadilike kweli, mchanga lazima uwe sehemu kubwa kuliko mfinyanzi. Kwa kina cha sentimita 20 hiyo ni zaidi ya madebe 10 kwa kila mita ya mraba. Ukitia mawili au matatu chembe za mfinyanzi hujaza nafasi baina ya mchanga, na kiangazi unapata tofali.

Kinachosaidia ni kuinua matuta: kimo sentimita 25 hadi 30, upana mita moja, mtaro wa sentimita 40 baina yake, wenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita ili maji ya Mei yapate njia. Mboji madebe mawili kwa mita ya mraba, kila msimu. Na usilime wakati wowote tu. Chukua udongo wa kina cha sentimita 10, uviringishe kama unavyoviringisha kaimati. Ukinyooka kuwa uzi mwembamba kama penseli bila kukatika, weka jembe chini. Ukilima leo unafinyanga. Ukivunjikavunjika, ingia. Ukiwa mgumu kama jiwe, umechelewa. Lowesha kidogo ungoje siku mbili. Siku za kufaa huwa chache baada ya mvua, na jirani atakayekukuta umekaa kivulini asikuharakishe.

Kama chupa isiyo na sabuni ilibaki na utusitusi, tia jasi gramu 200 hadi 500 kwa mita ya mraba kabla ya mvua, ili sodiamu iliyoachia ioshwe. Chupa ikiwa safi, jasi ni fedha iliyotupwa.

Chokaa na chumvi

Watu husikia kwamba salfa hushusha pH. Hushusha, lakini tazama mahesabu. Mita moja ya mraba kwa kina cha sentimita 15 ina udongo wa kama kilo 200. Udongo ukiwa na chokaa asilimia 1 tu, hiyo ni kilo 2, na kuimaliza kunahitaji salfa gramu 640. Udongo wa matumbawe una chokaa zaidi ya hapo mara nyingi. Achana na vita hiyo, ishi na pH uliyo nayo.

Kuishi nayo ni hivi. Badala ya CAN, mbolea ya nitrojeni ambayo ndani yake mna chokaa, tumia SA, yaani salfeti ya amonia. Uifukie sentimita 5, kwani ikibaki juu ya udongo wa chokaa nitrojeni hupaa hewani kama harufu. DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, nayo iweke kwenye mstari karibu na mbegu pamoja na konzi ya mboji, isitawanywe, maana chokaa huifunga fosforasi. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa imebaki kijani, chuma kimekwama: nyunyiza salfeti ya chuma gramu 5 kwa lita moja ya maji, jioni, urudie baada ya siku 10. Dawa ya chuma ya kutia udongoni iwe ya aina ya EDDHA. Ile ya EDTA huachia chuma chake pH ikizidi 7, ukabaki umenunua maji ya rangi. Kama ni majani ya zamani ya chini yanayogeuka manjano, hilo si tatizo la chuma, ni njaa ya nitrojeni.

Kwa maji ya kisima yenye chumvi kidogo, ongeza sehemu moja ya tano ya maji kila unapomwagilia ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na hili linawezekana tu mahali ambapo shimo lako lilishusha maji ipasavyo. Lenga udongo, si majani. Mbolea ya kuku ina chumvi nyingi, kwa hiyo tuta linalonyweshwa kisima lipewe ya ng'ombe au mbuzi. Kingine ni tangi la maji ya mvua: miche michanga ipewe hayo, mimea iliyokomaa itavumilia kisima.

Kuivundika mboji

Biwi lisipungue mita moja kila upande, la sivyo halipati joto. Panga majani makavu madebe mawili kwa kila debe moja la mabichi na samadi: majani ya mkilifi, maganda ya viazi na ndizi, nyasi, machicha kidogo. Machicha mengi hualika panya. Lowesha kiasi kwamba ukikamua konzi yatoke matone mawili matatu, si mchirizi. Ndani pafike nyuzi 55 hadi 65. Ukichomeka fimbo ya chuma usiku kucha, asubuhi usiweze kuishika muda mrefu. Geuza kila siku 7 hadi 10, pembeni paingie kati. Kwa joto la hapa wiki sita hadi nane zinatosha. Likinuka kama choo, limekosa hewa au limelowa mno, ongeza makavu. Lisipopata joto kabisa, ni kavu au halina mabichi. Masika lifunike, mvua ikiliosha virutubisho vyote vinaingia mtaroni.

Udongo mweusi wa jaani unafanana na mboji na watu huuchota bure. Una vioo, na betri zilizooza humo huacha madini ya risasi ambayo mboga za majani hubeba. Upe mimea ya mapambo tu ikiwa lazima, au maua, mchicha usiuonje.

Mwaka wa tuta

Matandazo yakae sentimita 5 hadi 8, makuti yaliyokatwakatwa au nyasi kavu, yakiachana na shina kwa vidole vinne. Kiangazi mchwa watayapenda makuti, basi yalowe kila unapomwagilia. Mei konokono wakubwa hulala chini yake. Yafunue asubuhi uwaokote kwa karai.

Tia mboji mwezi Machi kabla ya masika, na tena Septemba au mwanzo wa Oktoba kabla ya vuli. Karoti usizipande kwenye tuta lililotiwa samadi msimu huohuo. Tanguliza mchicha au mabamia, karoti zifuate, na udongo uwe umelainika kina cha sentimita 30 bila kokoto.

Kiasi cha kuongeza usikikisie. Siku ya kujaza tuta, piga msumari kwenye ubao wa kingo, usawa wa udongo. Kila mwisho wa msimu sogeza matandazo, upime kutoka msumarini hadi chini. Kila sentimita 2 zilizoshuka ni debe moja la mboji kwa mita ya mraba. Tuta la mita 6 lililoshuka sentimita 4 linadai madebe 12.